Nyota ya Sarafu ya Kumi na Saba

Mwalimu hakuwa na haja na sarafu nzuri. Ukimpa iliyopigwa sawasawa, mfalme katikati na maandishi yametimia pande zote, ataitazama kwa adabu, atasema "nzuri," na ataiweka chini. Mpe ile ambayo mfalme amekatwa kisogo kwa sababu nyundo ilishuka pembeni, au ile ambayo mfalme ana pua mbili kwa sababu nyundo ilishuka mara mbili, hapo ndipo atavuta kiti. Atavua kofia. Atabandika jichoni kile kioo chake cha fundi saa, na chai utainywa peke yako, maana yeye hayupo tena hapa kwetu Bigwa.

Alikuwa nazo ishirini na tatu, zote za fedha, zote za Roma ya kale. Ni dinari zile zile tunazozisikia zikitajwa kanisani tukadhani ni maneno tu. Alipewa na padri mzee wa Kizungu aliyemfundisha Kilatini ujanani, siku padri huyo alipokuwa anarudi kwao na hakutegemea kuiona tena Morogoro. Zilikuwa ndani ya kopo la kakao, pamoja na kitabu kinene cha picha kinachoonyesha kila sarafu ilivyotakiwa kuwa. Mwalimu naye alifundisha Kilatini seminarini huko mlimani mpaka akastaafu, akajenga nyumba ya vyumba vitatu jirani na mimi. Mimi ni fundi cherehani. Kati ya kibaraza chake na kibanda changu palikuwa na ua wa michongoma, na kwenye ua palikuwa na pengo moja ambalo mbuzi walilifungua na sisi tukalitumia kwa miaka kumi na sita.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, fundi. Njoo uone mtu alivyokosea."

Hivyo ndivyo tulivyoamkiana, na nilikuwa napenda kuitwa.

Mwanzoni sikuelewa hata kidogo. Akanifafanulia kwa vitu vyangu mwenyewe. Aliniambia kwamba Roma hawakuwa na mashine. Mtu mmoja aliweka kipande cha fedha chenye moto juu ya muhuri wa chini, mwingine akashika muhuri wa juu, nyundo ikashuka, sarafu ikazaliwa na picha mbili kwa pigo moja. Sasa tuseme sarafu iliyokwisha kupigwa imenasa kwenye muhuri wa juu na mtu hakuona. Anaweka kipande kingine, anapiga. Kile kipande kitapata sura ya mfalme upande wa chini kama kawaida, lakini juu kitapigwa na ile sarafu iliyonasa, na mfalme yule yule atatokea amezama ndani, amegeukia upande wa pili. "Kama ulivyosahau kifungo chini ya shati ukapiga pasi," akasema. Nikaelewa hapo hapo, maana shati hilo lilikuwa lake.

Alikuwa nayo sarafu ya namna hiyo, namba tisa. Niliishika, nikapitisha kidole gumba kwenye shimo la uso wa mfalme. Ilikuwa mara ya kwanza maishani nashika kosa la mtu aliyekufa zamani hivyo.

Kazi yake ilitaka jua lililolala. Asubuhi, mwanga ulipoingia kibarazani kwa pembeni, kila mkwaruzo ulijitokeza. Ikifika saa tano jua likasimama, anafunga kopo. Mawingu yakikaa mlimani kazi hakuna siku hiyo, na alinuna. Nilimkatia kipande cha kitambaa cha sare, bluu nzito, akawa anazipanga juu yake kwa namba. Kwenye daftari la kaunta alikuwa amechora mstari katikati ya kila ukurasa. Kushoto aliandika makosa ya Roma. Kulia aliandika makosa ya baadaye.

Hiyo mistari ndiyo ilikuwa dini yake ya pili. Alisema mjinga huona sarafu yenye kasoro akashangilia, kumbe kasoro imefanywa na jembe, au na moto wa nyumba, au na mtoto aliyeitafuna. Kosa la Roma lilitokea fedha ikiwa laini na moto, kwa hiyo kingo zake ni tulivu. Kosa la baadaye lina kingo kali, limeikuta fedha imelala. "Usikimbilie kulaumu nyundo," alikuwa akisema, hata kwa mambo yasiyohusu nyundo. Umeme ukikatika, "usikimbilie kulaumu nyundo." Kuku wangu akipotea, hivyo hivyo.

Na kusugua sarafu ilikuwa haramu. Weusi uliozifunika aliuita blanketi lao. Sarafu kadhaa zilikuwa nyeusi kiasi kwamba hakuweza hata kumjua mfalme, na hakuzigusa. "Fedha ikitaka kusema itasema yenyewe."

Basi mtu angedhani mpenda makosa namna hiyo alikuwa mpole kwa makosa ya walio hai. Thubutu! Tangazo la msiba likibandikwa kanisani na koma mahali pasipo pake, Mwalimu alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni. Aliwahi kumrudishia katekista kadi ya mwaliko wa harusi ya bintiye ikiwa imesahihishwa, na kwenye harusi akaenda, akala pilau mbili. Mimi alinirudishia suruali mara tatu kwa sababu upindo wa mguu wa kushoto ulikuwa umepanda kidogo, kidogo kama unene wa shilingi.

"Mwalimu," nikamwambia mara ya tatu, "kosa hili lingekuwa la Roma ungelitunza kwenye kopo."

Alicheka mpaka akakohoa. Lakini suruali hakuichukua.

Nadhani alichokipenda si kosa lenyewe, ila kuingia kwa kupitia kosa hilo mpaka karibu na mtu. Sarafu nzuri haina mtu, ina mfalme tu. Sarafu iliyokosewa ina kibarua. Huyu alichoka, ilikuwa jioni. Huyu alikuwa anapiga soga. Huyu alikuwa mgeni kazini, angalia alivyopiga kwa woga. Ndipo akaniuliza, siku moja ameshika kioo chake mkononi, "Wewe fundi, huwa unakosea lini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Watu huuliza kwa nini. Nikafikiri, nikamwambia ukweli: wiki niliyomzika mume wangu nilirudi kazini mapema mno, nikashona mkono wa gauni ndani nje, na mwenye gauni akalivaa bila kusema neno kwa kunionea huruma. Mwalimu hakusema pole. Alichukua namba nne, ile yenye pua mbili, akaitazama upya. "Sikuwahi kufikiria kwamba huyu labda alifiwa," akasema.

Hakuzificha sarafu zake. Sonara mmoja wa mjini aliitwa azipime uzito, kwa sababu dinari iliyo nyepesi mara nyingi ni shaba iliyovishwa ngozi ya fedha, nayo ni udanganyifu wa kale kabisa. Sonara akapima, akasema zote zinafaa, kisha akatoa patasi ndogo amkwaruzie moja ahakikishe. Mwalimu wa miaka sabini na kitu aliruka kutoka kitini. Sonara aliondoka bila kuaga.

Na mama mmoja wa Nyandira, kule mlimani, aliyekuwa akishusha kabichi kila Jumamosi aliomba kuona. Mwalimu akamweka dinari kiganjani. Yule mama akaipima, juu chini, juu chini, kama anavyopima vitunguu.

"Hii ndiyo ya kibarua cha kutwa?"

"Hiyo hiyo."

"Kutwa nzima, na jua lile?"

"Kutwa nzima."

"Na walikubali?" Akamrudishia. "Basi watu ni wale wale." Mwalimu alilirudia neno hilo mwezi mzima, na kila mara alilisema kana kwamba amelipata kwenye kitabu.

Sasa niseme la kwangu, maana nimelizunguka vya kutosha.

Mwaka mmoja alipata ngiri, akafanyiwa upasuaji, bintiye akampeleka kwake Turiani apate kuuguzwa. Aliniachia ufunguo. Kazi yangu ilikuwa kufungua madirisha na kumwagilia miche yake ya mchicha. Nikafagia pia, nikafua mapazia, nikaosha sufuria zake zilizokuwa zinatia aibu. Nyie mnajua raha ya sufuria iliyosuguliwa kwa jivu ikawaka. Nikiwa katika raha hiyo, macho yakatua kwenye kopo la kakao.

Najua. Aliniambia mara mia. Lakini blanketi ni neno la Mwalimu. Mimi mama yangu alinilea kwamba chombo cheusi ni aibu ya mwanamke wa nyumba. Nikasema nitaanza na moja tu, ile nyeusi kuliko zote, akirudi aikute inang'aa. Ilikuwa namba kumi na saba. Jivu, limau, mchanga laini, na fundo la waya. Akaanza kutokeza mfalme, shingo nene, shada la majani kichwani. Nikafurahi sana. Nyuma ya shingo kulikuwa na kidonge cha uchafu kilichokataa kutoka. Nikachukua sindano nikakichokoa, nikasugua, nikachokoa tena, mpaka mahali pale pakawa laini.

Nilipomaliza nikaiweka pamoja na wenzake. Ishirini na mbili nyeusi, moja inawaka kama jino la dhahabu. Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Nikachukua masizi ya sufuria na mafuta ya kula, nikaipaka mpaka ikafanana nao. Nikafunga kopo. Mficha uchi hazai, na mimi nilificha.

Mwalimu aliporudi, macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu. Hakugundua kitu. Masizi yakaisha kidogo kidogo kwenye vidole vyake, miezi ikapita, mpaka asubuhi moja nikasikia ananiita kwa sauti ambayo sikuijua.

"Fundi! Kumi na saba imesema!"

Nilipita kwenye pengo na mkasi mkononi. Kitabu kilikuwa wazi mezani. Amemjua mfalme, ameipata kwenye kitabu, na kwenye kitabu sarafu zote za namna hiyo zina nyota nyuma ya shingo ya mfalme. Yake haina. Kitabu kizima hakikutaja hata moja isiyo na nyota. Akanivika kioo jichoni nione mwenyewe. Niliona vizuri sana. Niliona sindano yangu.

"Aliyechonga muhuri alisahau nyota," akasema. "Na hakuna anayejua ila mimi na wewe."

Ningesema siku ile ingeisha siku ile. Sikusema. Kesho yake ikawa ngumu zaidi, na baada ya wiki ikawa haiwezekani, hasa alipotoka hospitali ya macho na kuambiwa kwamba presha ya macho imeshaula mshipa wa kuonea na hakuna operesheni ya kumsaidia. Alikaa kibarazani na kopo mapajani. "Maisha yangu yote nimefundisha maneno ya watu wengine," aliniambia. "Hii nyota ambayo haipo, hii ni yangu." Nilienda nyumbani nikalia, na sikulia kwa ajili ya macho yake peke yake.

Miaka mitatu tuliishi hivyo. Kila mgeni alisimuliwa nyota. Mwishowe akaandika kwenda jumba la makumbusho huko Ulaya, barua ndefu ya Kiingereza niliyomwandikia kwa kusemewa, na binti wa steshenari mjini akaipiga sarafu picha kwa simu, nyingi, za karibu, akazituma pamoja na barua. Miezi ikapita. Jibu lilipokuja, yule binti akalichapa, akanipa mimi.

Nililisoma nimesimama njiani. Kisha nikaenda kumsomea.

Lilikuwa na aya tatu. Nikasoma ya kwanza, ya shukrani. Nikasoma ya tatu, ya kumtakia heri. Nikakunja karatasi.

"Soma tena."

Nikasoma tena, aya ile na ile.

"Wanasema asante, na wanasema heri. Hawasemi kitu juu ya sarafu?"

"Hawajasema, Mwalimu."

"Ikunjue." Nikaikunjua. Akaileta karibu na uso, akaielekeza kwenye mwanga kwa pembeni, kama alivyozoea. Herufi alikuwa haoni tena. "Naona weusi mahali patatu, fundi. Umenisomea wa juu na wa chini."

Nikasoma ya katikati. Walisema nyota ilikuwepo. Miale miwili ya nyota hiyo bado inaonekana ukikuza picha. Imeondolewa kwa kitu chembamba chenye ncha, kisha sarafu imesuguliwa, na kwa jinsi mikwaruzo ilivyo safi, jambo hilo halina miaka mingi.

"Halina miaka mingi," akarudia. Alikuwa anatafuta, niliona kabisa anatafuta, na hakuwa analaumu mtu, anahesabu tu nani aliwahi kushika kopo. Sikuweza kumwacha atafute.

"Ni mimi, Mwalimu. Ulipokuwa Turiani. Kwa jivu, na sindano. Nilidhani ni uchafu."

Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. Alisema tu, "Nenda nyumbani, fundi," na asubuhi yake nikakuta tawi la mchongoma limesukumwa kwenye pengo, miiba ikitazama kwangu. Sijui alilikataje na macho yale. Viganja lazima viliumia.

Nilipeleka uji kwa kuzunguka barabarani, ulirudishwa. Nilipeleka ndizi, zikarudi. Katekista alijaribu kusema maneno ya msamaha, akajibiwa kwa Kilatini. Nilishona vibaya wiki zile, na kila nilipofumua mshono nilijiuliza yule wa Roma aliyesahau sarafu imenasa kwenye muhuri alijisikiaje alipogundua, na kama aligundua.

Wiki ya sita, asubuhi ya jua, nikaona tawi limeondolewa. Sikusogea. Nikakaa na cherehani yangu kimya mpaka nikasikia sauti.

"Fundi. Njoo. Na kalamu."

Alikuwa amekonda. Kitambaa cha bluu kilikuwa mezani, na juu yake sarafu moja tu. Daftari limefunguliwa. Nikamwamkia, akaitika, nikakaa kwenye kile kiti kingine.

"Jivu la mkaa au la kuni?"

"La kuni, Mwalimu. Mkaratusi."

"Sindano namba ngapi?"

"Kumi na nane. Ya jinzi."

"Ulisugua kwa kuzungusha, au kwenda na kurudi?"

"Kuzungusha. Kama sufuria."

Akawa anatikisa kichwa polepole, na kidole gumba chake kikizunguka juu ya ile sarafu kufuata maneno yangu. Uso wake ulikuwa na ile njaa niliyoizoea, ya mtu anayevuta kiti. Nilianza kupumua.

"Ilikuwa saa ngapi?"

"Saa nne hivi, asubuhi."

"Ulikuwa umechoka?"

"Hapana."

"Ulikuwa unafikiria nini?"

Ndilo swali alilokuwa akiwauliza wale wa Roma miaka yote, wasimjibu.

"Nilikuwa nafikiria utakavyofurahi."

Huko mlimani mtu alikuwa anakata kuni, tukamsikia vizuri. Kisha Mwalimu akapapasa daftari, akapata mstari wa katikati, akaiweka kalamu yangu ya risasi upande wa kulia, wa makosa ya baadaye.

"Andika. Kumi na saba: nyota imeondolewa Bigwa, saa nne asubuhi. Jivu la mkaratusi, sindano namba kumi na nane, kwa kuzungusha. Andika na ulichokuwa unafikiria, kama ulivyosema."

Nikaandika.

"Sasa andika jina lako."

"Mwalimu, kuna haja gani ya jina?"

"Ishirini na tatu, fundi. Zote zimekosewa na watu, na simjui hata mmoja. Huyu namjua." Akagonga daftari kwa kidole. "Andika."

Nikaanza, na herufi ya kwanza ikatoka imepinda. Nilinyoosha mkono kuchukua kifutio kilichokuwa pembeni ya kopo. Akakisikia kikikwaruza meza, akanishika kifundo cha mkono, na viganja vyake bado vilikuwa na makovu ya miiba.

"Iache hivyo hivyo," akasema.